Dakika Sita Juu ya Mlima

Jumatatu, 4 Machi

Dada, shikamoo.

Kuna mlio mmoja umenikaa masikioni tangu nihamie huku, na si mlio wa ndege. Ni kitufe cha redio kikibonyezwa mara mbili: tk, tk. Ulinifundisha siku ile naondoka, tumekaa kwenye ngazi za mnara wako na sanduku langu liko katikati yetu. Ulisema maneno ya redio ni ya watu wote, marubani wanayasikia, Mkuu anayasikia kwenye spika ya ofisini kwake, lakini kitufe ni chetu. Nikimaliza kukukabidhi ndege nibonyeze mara mbili, nawe utabonyeza mara mbili, nijue upo.

Kwa miezi saba ulijibu kila siku. Tangu katikati ya Januari hujajibu hata mara moja. Mwanzoni nilidhani umebanwa na kazi. Halafu nikaanza kuhesabu, unanijua. Leo ni siku ya arobaini na tisa.

Na sasa nikikuita kwa kazi unaniambia "Sema tena." Unaisema kwa ile sauti yako ya kumrudisha mtoto mezani amalizie chakula. Nasema tena. Unajibu kwa ukavu, ndege inapita, basi.

Ni ule uhamisho? Barua ilikuja na majina mawili, lako likiwa la kwanza. Ulisema huwezi kumwacha Mama, nikaja mimi. Kama moyoni hukutaka nije ungeniambia palepale kwenye ngazi. Ningelifungua sanduku.

Kuna jambo la kazi pia. Abiria wanalalamika. Ukutani tumebandika kwamba kutoka hapa mpaka kwenu ni kilomita mia mbili na kumi na mbili, dakika arobaini na moja, nao wanasema wanakaa angani karibu saa nzima. Mkuu amenipa kazi ya kutengeneza jedwali jipya: umbali, muda, ndege kwa ndege, tangu Januari. Nitumie nakala za kitabu chako cha zamu. Mpe Kapteni Kofia akitua kwenu, anasema mkoba wake umeshakuwa posta ya ukoo wetu na bado hajapewa hata stempu.

Mbusu Mama.

Mdogo wako

*

Jumanne, 5 Machi

Bi Dakika,

Marahaba. Siku arobaini na tisa! Mtu mwenye akili zake anahesabu siku za likizo, wewe unahesabu milio ya kitufe. Nilijua tangu ulipokuwa na miaka sita, ukisimama mlangoni na saa ya marehemu Baba mkononi kuniambia nimechelewa dakika tatu kutoka dukani.

Sijakasirika. Nani amekwambia? Kitufe changu kimelegea, ukikibonyeza kinazama kama kidole kwenye unga. Fundi redio nimemwambia, anasema wiki ijayo. Kwake kila wiki ni ijayo.

Habari ya uhamisho ifunge. Nilikataa mwenyewe, kwa kinywa changu. Mama na magoti yake angefanya nini huko kwenu, na ngazi zenu zile? Hapa nyumba ya kazi iko hatua mia mbili kutoka mnarani, nikichungulia dirishani namwona ameanika nguo. Mimi nimetulia.

Hizo dakika zenu ni upepo. Miezi hii upepo unatoka mlimani unasukuma ndege usoni. Andika upepo, Mkuu ataridhika, abiria watalaumu mbingu.

Nakala hizo hapo. Mwandiko usiucheke.

Mama anasema umekonda. Nimemuuliza amekuona wapi. Anasema kwenye sauti.

Dada yako

*

Jumatatu, 11 Machi

Dada,

Si upepo.

Nimekaa na nakala zako na zangu siku tano, nimezitandaza kitandani mpaka nalala pembeni kama mgeni. Nilianza na siku za upepo. Kuna siku za upepo mkali ndege imefika kwa dakika arobaini na moja, na kuna siku ya utulivu kabisa, bendera yetu imelala kwenye mlingoti, ndege imetumia arobaini na saba.

Nikaacha upepo, nikapanga kwa marubani. Kapteni Kofia: arobaini na moja, arobaini, arobaini na mbili. Yule Binti aliyeanza kazi Desemba: arobaini na tano, arobaini na saba, tena arobaini na saba. Aina ya ndege ni ileile, mzigo uleule, njia ileile.

Dakika zinazozidi zote ziko mahali pamoja. Ziko pale tunapopaita Nusu, juu ya mgongo wa mlima, ambapo mimi naiachia ndege na wewe unaipokea. Sheria unaijua, ndiyo ya kwanza uliyonikaririsha: rubani akifika Nusu aite kituo cha mbele, asipojibiwa azunguke hapohapo mpaka ajibiwe. Kapteni hazunguki. Binti anazunguka karibu kila safari. Karatasi yake inasema ameita saa nne na dakika thelathini na tatu, kitabu chako kinasema umemsikia thelathini na nane.

Ni nini? Anaita akiwa bado yuko mbali? Anakosea masafa ya redio? Niambie kabla sijaandika, maana jedwali nalipeleka Alhamisi na sitaki kumwonea mtu.

Mdogo wako

*

Jumanne, 12 Machi

Bi Dakika,

Umejibu mwenyewe. Ni Binti. Anaongea kama mtu aliyeficha pipi shavuni anaogopa aombwe. Hawa vijana wametoka chuoni na miwani mizuri, lakini kinywa kufungua hawajafundishwa. Namwambia sema tena, anasema tena vilevile, kama mbu. Andika hivyo: rubani hatamki vizuri. Atapewa somo la wiki moja, atarudi akiwa mtu.

Usiuchoshe ubongo wako. Kula. Toka nje uone watu.

Huku tuko salama ila Mama amenuna. Anasema redio ya nyumbani naifungua kama nawatangazia majirani, amezitia betri zake mfukoni mwa gauni anazunguka nazo. Nimemwambia nitamshtaki kwa Mkuu.

Dada yako

*

Alhamisi, 14 Machi

Dada,

Jana sikuwa zamu. Nilikwenda kazini hivyohivyo, nikaomba hedifoni moja ya pembeni, nikakaa kumsikiliza Binti akivuka Nusu.

Aliita mara moja. Sauti yake ilikuwa safi, kila namba imesimama peke yake. Kimya. Akaita mara ya pili, polepole zaidi. Kimya. Mwenzangu wa zamu akacheka, akasema, "Dada yako leo kaenda kunywa chai." Mara ya tatu ukajibu: "Sema tena." Ukamwambia ajifunze kuongea.

Alisema, "Samahani, Mama." Basi.

Baada yake akaita Kapteni, naye yuko njia ya kuja kwenu, anaunguruma na kula maneno kama kawaida yake, hata mimi sikushika nusu. Wewe ulimjibu palepale.

Nimekaa na jambo hili tangu jana, nimeligeuza kila upande, na halitaki kugeuka. Sauti nzito unaisikia. Sauti nyembamba inakupita. Binti ana sauti nyembamba. Mimi pia. Na tk, tk ya kitufe ni kamlio kadogo kuliko sote.

Hujanikasirikia. Hunisikii.

Tangu lini, Dada? Mama anajua? Nakumbuka sasa Krismasi ile nilipokuja, nilikuwa nakuita kutoka jikoni nawe unaendelea kukunja shuka, nikasema moyoni, leo Dada ana mambo yake. Siku nzima nilijaribu kukumbuka nimekukosea nini.

Nimefanya kitu ambacho sijui nikiite nini. Jedwali nimelipeleka kwa Mkuu leo asubuhi. Safu ya marubani nimeiondoa, na safu ya Nusu nimeiondoa. Nimejumlisha zote, nikagawa, nikaandika: dakika arobaini na nne, sababu upepo. Mkuu amenisifu kwa usafi wa mistari.

Nimekupa muda. Nenda kwa daktari wa masikio wiki hii, tafadhali. Omba ruhusa, sema ni Mama, sema chochote. Ukishapimwa tutajua la kufanya. Lakini usikae tena kwenye kile kiti huku ukijua.

Mdogo wako

*

Jumatano, 20 Machi

Mdogo wetu, salaam,

Mimi si mtu wa barua, mimi ni mtu wa kuzibeba. Siku sita nakuja na mkoba mtupu, nikimuuliza dada yako jibu liko wapi ananiambia kesho. Leo nimeona niandike mwenyewe kabla hujaelezwa na wasiojua.

Jana nilikuwa chini, kwenye uzio wa kwao, nasubiri mizigo. Kindege kimoja cha mgeni, cha watu wa kupima ramani, kilipewa ruhusa ya kuruka na dada yako kikaanza kukimbia. Kimeinuka kidogo tu, Binti akatokeza kwenye wingu anashuka, uso kwa uso. Mgeni akapinda kushoto. Sijawahi kuona ndege ikipinda vile ikiwa chini vile. Nilisoma namba kwenye mkia wa Binti kama nasoma mlango wa jirani. Abiria kumi na mmoja kwake, wawili kwa mgeni. Mama mmoja alishuka akakaa palepale kwenye lami, akakataa kuinuka.

Binti anaapa aliita Nusu mara tatu, akazunguka dakika sita, wingu likaanza kuufunga mlima, akaona akibaki atagonga jiwe, akateremka huku anaita. Kitabu cha dada yako kimeandikwa neno moja: Hakuita. Mgeni redio yake ndogo, akiwa chini kule haipati Nusu. Kwa hiyo Binti amesimamishwa. Amenipa kofia yake nimtunzie, nami sina pa kuiweka, kichwa changu kimoja.

Mimi nimesafiri na sauti ya dada yako miaka kumi na tisa. Sitaki kusema nisilolijua. Lakini wewe ndiye uliyekuwa mezani jana. Kama kuna aliyesikia Nusu, ni wewe.

Kapteni Kofia

*

Alhamisi, 21 Machi

Mdogo wangu,

Leo sikuiti Bi Dakika. Sina utani.

Barua yako ya tarehe kumi na nne niliisoma chooni, nimefunga mlango, kama msichana mwenye barua ya mvulana. Niliichana. Halafu nikaviokota vipande.

Ilianza mwaka juzi. Kwanza ndege wa asubuhi kwenye paa, nilidhani wamehama. Halafu birika, maji yanachemka mpaka yanakauka. Nilijinunulia birika lisilo na filimbi ili kosa liwe la birika. Barua ya uhamisho ilipokuja ilikuwa na karatasi ya pili ambayo hukuiona: mfanyakazi aliyepita miaka hamsini anayehamia kituo kikubwa apimwe macho na masikio. Ndiyo sababu nilisema Mama. Mama alikuwa tayari kwenda, alikuwa ameshafunga vyombo vyake kwenye magazeti. Mimi ndiye niliyemwambia magoti yake hayaziwezi ngazi, nikalisema mpaka akaliamini, na sasa anatembea kwa tahadhari kama mtu wa kioo. Hilo nimemfanyia mama yangu.

Jumanne sikusikia kitu. Nakuapia kwa roho ya Baba, hedifoni ilikuwa kimya kama mto wa kulalia. Nilikitazama kile kindege, nikatazama saa, nikaona Binti bado, nikampa ruhusa. Nilipoandika Hakuita niliandika nilichosikia. Hayo nilijiambia saa ile. Saa hii najua tofauti.

Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nikitoka kazini leo, nyumba inarudi kwa kazi. Nimhamishie Mama wapi? Sijui kitu kingine duniani zaidi ya kuteremsha ndege. Binti ni mtoto, ana miaka ishirini na minne, atasimamishwa mwezi mmoja, miwili, ataruka tena. Mimi nikishuka ngazi za mnara huu sizipandi tena.

Sikuombi useme uongo mkubwa. Mkuu atakuuliza ulichosikia Nusu. Sema ulitoka kidogo, dakika hizo sita hukuwa mezani. Ni dakika sita tu. Mimi nimekulea miaka kumi na minne.

Nitaomba kukaa upande wa ofisi. Polepole, bila kelele. Nakuahidi.

Dada yako

*

Jumatatu, 25 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi mno, sasa naweza kuisema bila kuitazama. Kuna mstari nauruka kila mara, ule wa miaka kumi na minne. Nauruka kwa sababu ni kweli. Ulinifunga viatu, ulinisukia nywele ukiwa na usingizi, ulinifundisha kuongea redioni kwa kijiko cha kupakulia, wewe uani, mimi chumbani, na kila nilipomumunya ulisema, "Sijakusikia, abiria wako wote wamekufa." Tulicheka sana siku zile.

Sasa nikwambie jambo ambalo Kapteni halijui.

Jumanne ile nilikuwa mezani. Sikutoka hata kwa kunywa maji. Nilimsikia Binti akiita mara ya kwanza, nikasema moyoni, atajibu. Mara ya pili, nikatazama saa. Nilijua kwa nini hujibu. Katika watu wote waliokuwa kwenye mawimbi yale, mimi peke yangu nilijua. Ningeweza kusema neno moja: "Zunguka, namtafuta kwa simu." Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini nikakumbuka spika ya Mkuu iko wazi, na neno langu lingemwambia kila mtu kwamba kuna mtu huko haisikii redio. Nikanyamaza. Nilisubiri ujibu kama nilivyozoea kusubiri zile tk, tk. Dakika ya nne alisema, "Wingu linafunga, kuna mtu yeyote?" Kuna mtu yeyote, Dada. Nami nilikuwepo, nimefunga mdomo, kalamu mkononi. Nilipoinua simu kukupigia ilikuwa dakika ya sita na ameshaanza kushuka. Iliita mpaka ikakatika. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba Mkuu hakuwepo hata ofisini, alikuwa kwenye kikao. Nilikuwa naiogopa spika inayoongea na viti.

Kwa hiyo unaponiomba niseme sikuwepo, unaniomba kitu ambacho nilishakifanya. Tayari nilikupa zile dakika sita. Tumeona zimekwenda wapi.

Nimemwona Binti Ijumaa, amekaa kantini bila sare. Nilikaa meza ya pili. Aliniamkia yeye. Akaniuliza, "Dada, sauti yangu ina nini? Niambie ukweli, nitafanya mazoezi." Amekuwa akifanya mazoezi tangu Januari, mbele ya kioo, kwa sababu wewe ulimwambia hajui kuongea. Nilimjibu sauti yake haina kasoro, nikaondoka haraka, nikasahau mkoba kwenye kiti akanikimbilia kuniletea.

Leo saa mbili asubuhi nimeingia kwa Mkuu. Nimempa majedwali mawili. La kwanza ni lile la tarehe kumi na nne, nimeliandikia juu kwa wino mwekundu: hili ni la uongo, nimelitengeneza mimi. La pili ni kamili, safu zote, Nusu kwa Nusu, rubani kwa rubani. Nimempa na ukurasa wangu wa Jumanne, nyakati tatu za Binti kuita, na chini yake nimeandika kwamba nilisikia na sikusaidia, na sababu yake. Sikuacha neno masikio lisomeke katikati ya mistari. Nimeliandika.

Mkuu alisoma amesimama. Aliuliza, "Unajua unamwandikia nani haya?" Nikasema najua, ndiye aliyenifundisha kuandika. Akaniondoa zamu palepale, mpaka uamuzi. Nimekabidhi hedifoni. Binti ameitwa arudishiwe cheti chake cha urubani, hilo nililiona kwa macho kabla sijatoka.

Mambo ya Mama nimeyaanza tangu Jumamosi. Chumba changu kipo chini, hakina ngazi. Sijui kwa nini hatukulisema hili mwaka jana. Labda hukuniuliza kwa sababu ungelazimika kusikia jibu. Nimeingiza kitanda cha pili, mwenye nyumba amekubali. Kuna nafasi ya godoro pia, kama utanitaka bado. Kama hutanitaka, Mama aje peke yake, asipite njia ya kuzunguka mlima, ni mwendo wa saa tisa kwa gari, tena mashimo. Aje na Kapteni. Ninamwekea nafasi Jumamosi.

Nakuandikia nimekaa kwenye benchi la abiria, mara yangu ya kwanza kulikalia. Ndege inaondoka saa nne na dakika kumi. Mkuu amepanda, yumo kiti cha nyuma ya rubani, na faili liko mapajani. Barua hii inakufikia pamoja naye, hilo sikuweza kulizuia, ila nimemwomba Kapteni akukabidhi kwanza, kabla hajafungua mlango wa abiria, na amekubali bila utani hata mmoja. Akifika Nusu ataita yeye mwenyewe, kwa sauti yake ile nzito. Utamsikia. Hatazunguka.

Jedwali jipya limeshabandikwa ukutani. Dakika arobaini na moja, bila kuzunguka.

Nimeshatia saini, Dada, na barua naifunga sasa maana Kapteni amesimama mbele yangu amenyoosha mkono.

Mdogo wako